Mkanda wa nyuzi 20: kwa nini mahindi makavu yalikataa kupanda

Kinu ninachokizungumzia kiko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Kinasaga sembe na dona, na kila msimu kinanunua mahindi kwa wakulima na madalali wa vijiji vya jirani. Mwenye kinu alichoka kulipa makuli wapandishe magunia ngazini hadi kwenye chekecheke iliyo juu ya jukwaa la mita 6. Akaagiza konveya ya mkanda: mahindi yamwagwe chini kwenye hopa, yaani faneli kubwa ya kupokelea, mkanda uyapandishe, yaangukie kwenye chekecheke. Alitaka tani 30 kwa saa.

Kati ya ghala na kinu kuna mita 18. Fundi aliyepewa kazi akapima, akaacha nafasi ya mtu kupita, akapata kwamba mkanda wa mwinuko wa nyuzi 20 unafika: mita 16.5 ukipima ardhini, mita 17.5 ukifuata fremu. Akaujenga. Kazi ya mikono ilikuwa safi kabisa, chaneli zimenyooka, rola zinazunguka kwa kidole, na mpira laini usio na mbavu, wa upana wa milimita 500, umeungwa vizuri. Niseme mapema kwamba fundi huyu hakuwa anabahatisha. Alishajenga konveya kadhaa za kupandishia magunia kwenye malori, zenye mwinuko mkali kuliko huo, na zote zinafanya kazi mpaka leo.

Mwezi Juni mkanda uliwashwa na mahindi yakapanda. Si kwa ustadi sana, maana pale hopani palikuwa na mtikisiko na punje chache zilidondoka pembeni, lakini yalipanda. Agosti mambo yakaanza kuharibika. Septemba mahindi yalikuwa yanachemka pale chini ya hopa, yanajirudia juu ya mkanda, yanamwagika pande zote mbili, na vijana wawili walisimama na makoleo kuyarudisha. Juu kwenye chekecheke yalikuwa yanafika nusu ya yale yaliyotarajiwa, pengine pungufu.

Hatua mbili zilichukuliwa kabla mimi, injinia, sijaitwa, na zote zinaeleweka. Kwanza mota ya kilowati 3 iling'olewa, ikawekwa ya kilowati 5.5. Kisha, kwa kuwa mota mpya ina nguvu, puli ilibadilishwa na mwendo wa mkanda ukapanda kutoka mita 1.6 hadi mita 2.2 kwa sekunde. Hali ikawa mbaya zaidi.

Tuanze na mota, maana hiyo ndiyo iliyogharimu fedha bure. Nguvu ya kuinua nafaka haitegemei ukali wa mwinuko, inategemea tani na urefu wa kwenda juu. Zidisha tani kwa saa na mita za kuinua, gawanya kwa 367, utapata kilowati. Tani 30 mara mita 6 ni 180, ukigawanya kwa 367 unapata karibu nusu kilowati. Ongeza msuguano wa rola, mikwaruzo ya mpira wa pembeni unaozuia mahindi yasimwagike pale hopani, upotevu wa giaboksi na akiba ya kuanza na mzigo, kilowati 3 bado inabaki na nafasi. Mkanda haukuwa unazidiwa. Ulikuwa unakimbia vizuri kabisa chini ya mahindi yasiyokwenda nao.

Mwenye kinu alikuwa na maelezo yake. "Injinia, mpira umechakaa. Juni ulikuwa unashika, sasa haushiki." Lakini mpira wa miezi mitatu hauchakai hivyo kwa mahindi. Kilichobadilika ni mahindi yenyewe. Ya Juni yanakuja kinuni yakiwa bado na unyevu mwingi, hayajafika kwenye asilimia 13.5 inayoruhusiwa na kiwango cha Afrika Mashariki. Mahindi ya namna hiyo yanashikana, na yanaushika mpira. Ya Septemba yamekauka, ngozi ya punje imekuwa ngumu na ya kuteleza, na yanabeba vumbi jingi la magunzi na maganda. Vumbi hilo linaupaka mpira. Ndiyo maana konveya ya nafaka ikijaribiwa mwanzoni mwa msimu peke yake inakuwa haijajaribiwa.

Kuhusu viwango, majedwali ya CEMA, chama cha watengenezaji wa konveya cha Marekani kilichoanzishwa 1933, yanatoa takwimu mbili kwa kila bidhaa. Moja ni pembe ya lundo, yaani ubavu wa lundo linalojijenga ukimwaga nafaka sakafuni. Nyingine ni mwinuko wa juu unaopendekezwa kwa mkanda laini. Mahindi yaliyopukuchuliwa: lundo nyuzi 21, mkanda nyuzi 10. Ngano: lundo nyuzi 28, mkanda nyuzi 12. Mchele uliokobolewa uko chini zaidi, mkanda wake ni nyuzi 8. Makaa ya mawe na kokoto vinapanda nyuzi 15 na zaidi bila shida kwa sababu vipande vyake vina kona na vinakabana. Punje ya hindi ina mgongo wa duara na inateleza juu ya mwenzake.

Nilipotaja nyuzi 10, fundi hakukubali, na hoja yake ilikuwa nzito: kama lundo linasimama kwa nyuzi 21, na mpira una msuguano, iweje nyuzi 20 zishindwe? Nikamwambia tupime.

Tulichukua kipande cha mpira uleule kilichobaki wakati wa kuunga, tukakipigilia kwenye ubao, tukamwaga juu yake tabaka la mahindi ya siku hiyo, nene kama vidole vitatu. Upande mmoja wa ubao ukainuliwa polepole, simu yenye programu ya kupimia pembe ikiwa imelazwa pembeni. Mpira ukiwa umefutwa, tabaka zima lilianza kuteleza kwenye nyuzi kama 22. Tukarudia kwa mpira uliopakwa vumbi lililokusanywa chini ya hopa: nyuzi 19. Mara ya tatu nikamwomba kijana mmoja agonge ubao kwa nyundo wakati tunainua, na punje za juu zikaanza kubiringika mapema zaidi, kabla tabaka la chini halijasogea.

Fundi akafurahi. "Si unaona, 22. Mimi nimeweka 20."

Na kweli, kwa jaribio hilo peke yake alikuwa na haki. Ila ubao ulikuwa umesimama na mahindi yalikuwa yametulia. Kwenye konveya mahindi yanadondoka kutoka hopani yakiwa hayana mwendo wowote wa kwenda mbele, yanakuta mpira unapita kwa mita 1.6 kwa sekunde. Kabla hayajapanda popote lazima kwanza yaukimbilie mpira, na kinachoyasukuma ni msuguano peke yake. Msuguano huohuo ndio unaoyazuia yasiteleze kurudi. Ukishautumia karibu wote kuyazuia yasirudi, hakuna kinachobaki cha kuyaongezea mwendo.

Hesabu yake inafanyika nyuma ya karatasi. Tanjenti ya nyuzi 22 ni 0.40, huo ndio msuguano wa mpira safi. Tanjenti ya nyuzi 19 ni 0.34 na ushei, tuseme 0.35 kwa mpira wenye vumbi. Zidisha msuguano kwa kosini ya mwinuko, toa sini ya mwinuko, zidisha kwa 9.81, unapata kiasi ambacho mwendo wa nafaka unaongezeka kila sekunde. Kisha mwendo wa mkanda kipeo cha pili, ugawanye kwa mara mbili ya kiasi hicho, unapata umbali ambao nafaka inateleza kabla ya kutulia juu ya mkanda.

Kwa nyuzi 20 na mpira safi, kosini inatoa 0.376, sini inaondoa 0.342, kinabaki 0.034. Umbali ni mita 3.8. Yaani kwenye mkanda wa mita 17.5, zaidi ya sehemu moja ya tano ni mahindi yanayosuguana na mpira bila kutulia. Kwa mpira wenye vumbi hesabu inaingia kwenye hasi: mahindi hayaufikii mwendo wa mkanda kamwe, yanasukumwa tu na yale yanayodondoka nyuma yake na yale yaliyobahatika kushika. Kwa nyuzi 10, mpira safi unatoa sentimita 59, na wenye vumbi sentimita 76. Linganisha hizo na mita 3.8, na hasi.

Mwendo ulipoongezwa hadi 2.2, umbali wa mpira safi ulitoka mita 3.8 ukafika mita 7.3, maana mwendo unaingia kwenye hesabu kwa kipeo chake cha pili. Ndiyo sababu kuongeza spidi, dawa ambayo kila mtu angeijaribu kwanza, kuliongeza ugonjwa.

Kumwagika pembeni nako kunaelezeka hapohapo. Tani 30 kwa saa ni kilo 8.3 kila sekunde. Mita moja ya ujazo ya mahindi ina kilo 720 hivi. Mahindi yakiwa bado yanakwenda kwa nusu mita kwa sekunde, yanahitaji sentimita za mraba 231 za nafasi juu ya mkanda ili kiasi hicho kipite. Mkanda wa milimita 500 wenye rola za pembeni zilizoinuliwa nyuzi 20 unabeba sentimita za mraba 150 hivi, basi. Zinazobaki zinakwenda wapi? Chini, kwa vijana wenye makoleo. Mpaka mahindi yafike mwendo wa mita 0.77 kwa sekunde ndipo yanatosha ndani ya nafasi hiyo, na kwa nyuzi 20 hilo linatokea baada ya sentimita 90 hivi, mpira ukiwa safi. Mpira wa pembeni uliowekwa pale hopani ulikuwa mfupi kuliko hapo. Kwa nyuzi 10 sentimita 14 zinatosha.

Fundi alizisoma namba mara mbili, akauliza swali ambalo ndilo la msingi kwa mtu mwenye historia yake: mbona magunia yanapanda? Gunia likishawekwa ni kitu kimoja kizito, halibiringiki ndani ya lenyewe, na uso wa katani au wa nailoni unaukamata mpira wenye mistari. Mpagazi naye analiweka, halidondoki kama mvua. Konveya ya magunia na ya nafaka ya wazi zinafanana kwa sura tu. (Lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, ndilo gunia pekee nililowahi kuona likibingirika kwenye konveya, lakini hilo lina kesi zake nyingine.)

Lilikuwepo pia jambo la usalama ambalo hakuna aliyelitaja, kwa sababu halikuwa limemdhuru mtu. Umeme ulipokatika mkanda ukiwa na mzigo, ulirudi nyuma kidogo kabla ya kusimama. Vijana walilizoea. Mkanda unaopanda ukikosa mota unavutwa na mzigo wake, na kama msuguano wa rola na giaboksi hautoshi, unakwenda kinyume, unamwaga mahindi kwenye puli ya mkia, ile ya mwisho wa chini. Pale pale kwenye puli ya mkia ndipo kijana anapoinama na koleo kusafisha. Mkono ukiingia kati ya mpira na puli hautoki wenyewe. Kupunguza mwinuko hakuondoi hatari hii, na niliwaeleza hivyo wazi, kwa sababu mkanda mrefu unabeba kilo nyingi zaidi kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kifaa cha kuzuia kurudi nyuma kwenye shafti ya puli ya juu, wavu wa kuziba puli ya mkia, kamba ya dharura inayokimbia pembeni mwa mkanda wote, na swichi kuu inayofungwa kwa kufuli kabla mtu hajagusa chochote. Ufunguo unakaa mfukoni mwa yule anayesafisha, si ofisini.

Na vumbi. Mahindi yanayochemka mita kadhaa yanajisaga yenyewe, na vumbi la nafaka likitanda hewani ndani ya chumba kilichofungwa linaweza kulipuka likipata cheche. Hopa ya kinu hiki ilikuwa chini ya paa lenye kuta tatu, taa ya kawaida ikining'inia juu yake, na fundi wa kuchomelea alikuwa anafanya kazi hatua chache kutoka hapo siku niliyofika. Kazi ya kuchomelea ilisimamishwa siku hiyohiyo. Taa ilibadilishwa baadaye.

Sasa, nini kifanyike? Mita 18 kwa nyuzi 10 zinainua mita 3.2 tu. Tulizungumza njia kadhaa, na sikuzipenda zote sawa.

Mkanda wenye mbavu za mpira ungepanda nyuzi 20 hata zaidi, na ndio uliopendwa na mwenye kinu kwa sababu fremu isingeguswa. Kwa mashine ndogo ya kuhamisha, inayokokotwa kwa magurudumu kutoka ghala hadi ghala, ningekubali. Kwa konveya ya kudumu ya kinu cha chakula, hapana: skrepa, kile kibao cha kukwangua mpira, haiwezi kufuta mpira wenye mbavu, vumbi na punje zilizovunjika zinarudi na upande wa chini zikidondoka njia nzima, na hapo panya na fukusi wanapata kambi. Elevata ya ndoo ingeinua wima kwenye nafasi ndogo mno, na kwa viwanda vikubwa ndiyo jibu la kawaida, lakini ingehitaji shimo, na pale maji ya ardhini yako karibu. Bei nayo ilimfanya mwenye kinu anyamaze. Mikanda miwili inayokunja kona ingeingia uwanjani, ila kila mahali mkanda mmoja unapomwagia mwingine ni mahali pengine pa kuvunja punje na kutoa vumbi.

Kilichofungua njia ni maswali mawili kuhusu vitu vilivyochukuliwa kuwa havihami. Kwa nini jukwaa lina mita 6? Hakuna aliyejua. Chini ya chekecheke kulikuwa na pipa la kupokelea ambalo lingeweza kufupishwa, na jukwaa likashuka hadi mita 5 bila kugusa kinu. Na kwa nini hopa iko ubavuni mwa ghala? Kwa sababu malori yanaingilia lango la mbele. Lango la nyuma lilikuwepo, limefungwa kwa miti na mabati, na kutoka hapo hadi kwenye chekecheke, kufuata ukuta, kuna mita 36.

Mita 5 kwa nyuzi 10 zinahitaji mita 28.4 za ardhi. Tukaongeza mita 3 za mkanda uliolala bapa chini ya hopa, ili mahindi yaukimbilie mkanda kabla ya kukutana na mlima. Kati ya bapa na mlima lazima pawe na tao, na hapa wengi wanapita njia ya mkato. Mkanda mtupu ukivutwa kwa nguvu unapoanza, unanyanyuka kutoka kwenye rola pale tao linapobana sana, na mahindi yanaruka. Gawanya mvuto wa mkanda kwa uzito wa kila mita yake: kwa mvuto wa newtoni 1,500 na mkanda wa kilo 6 kwa mita, yaani karibu newtoni 59, nusu kipenyo cha tao kisipungue mita 25 na nusu. Tao hilo linakula mita 2.2 nyingine za ardhi. Jumla mita 33.6, zikabaki mita 2.4 za puli ya mkia, kikazia mkanda, na mtu kupita.

Fremu ya zamani haikutupwa. Ilishushwa hadi nyuzi 10, ikarefushwa mita 9, ikaungwa na kipande cha tao na kile cha bapa. Mwendo tuliupunguza hadi mita 1 kwa sekunde. Kwa mwendo huo tani 30 zinajaza mkanda zaidi kidogo ya robo tatu, na tabaka nene linalokwenda taratibu linatulia kuliko jembamba linalorushwa juu chini na kila rola. Chini ya hopa rola ziliwekwa kwa umbali wa sentimita 40 badala ya mita 1.2, mpira usizame kila mahindi yanapodondoka. Mlima wote ulifunikwa bati la mviringo, maana mpira wenye umande wa asubuhi ungeturudisha tulikotoka. Mota ya kilowati 3 ilirudi mahali pake, na ile ya 5.5 sasa inaendesha mashine ya kukoboa.

Jaribio la kwanza tulilifanya kwa mahindi makavu kuliko yote yaliyokuwa ghalani, baada ya kuupaka mpira vumbi kwa makusudi. Mahindi yalitulia kwenye bapa, yakafika kwenye tao yakiwa yamelala, yakapanda. Fundi alitembea pembeni mwa mkanda kwa hatua sawa na punje moja nyekundu aliyoichagua, mpaka fremu ilipompita kimo. Kisha tukazima umeme mkanda ukiwa umejaa. Kwenye mlima palikuwa na kilo 240 hivi zikivuta kwa nguvu ya kilo 42, kizuizi kikashika, hakuna kilichosogea.

Mwenye kinu amekwisha kuanza kuulizia mashine ya kukoboa mpunga. Mpunga wenye maganda yake mkanda huu utaubeba, ganda lina miba midogo inayoshika. Mchele wenyewe ukishakobolewa, kwa nyuzi 10, nisingeupitisha hapo. Fundi anadhani mwendo ukishushwa hadi nusu mita kwa sekunde utapita. Nimemwambia alete kipande cha mpira, ubao na debe moja la mchele.